Akodi Mbili Nyuma ya Kufuli

Dada yangu alipokaribia kuolewa, aliniomba nitunge wimbo wa kumwingiza kanisani. Wakati huo nilipiga gitaa kwa kubahatisha tu. Kila siku baada ya chakula cha mchana nilikaa nyuma ya nyumba yetu ya mbao, mtaani Murara, nikirudia akodi tatu nilizozijua, zile sauti za nyuzi kadhaa zinazolia pamoja: do, fa, sol. Mwisho wa wimbo ulinishinda. Nilifika kwenye sol nikanyamaza, kama mtu aliyeinua mguu asijue pa kukanyaga.

Nyumba ya jirani ilikuwa tupu. Mwenyewe, muzee mpiga gitaa aliyetoka Masisi, alikimbia vita pamoja na mke wake, na mlangoni lilibaki kufuli lenye kutu. Alasiri moja niliachia ile sol, na kutoka ndani ya nyumba ile zikaja akodi mbili, taratibu: fa, kisha do. Kama Amina ya kanisani.

Nilizunguka ukuta wa mawe meusi nikachungulia. Kufuli lilikuwa palepale, buibui amefuma utando juu yake. Mama alisema ni mwangwi. Nilijua mwangwi haubadilishi akodi, lakini sikumbishia. Kesho yake ikawa vilevile, na keshokutwa. Sauti ilikuwa nyembamba, gitaa la mtu mwenye njaa.

Siku ya nne nilisogea kwenye dirisha la nyumba ile, nikauliza polepole kama ni yule muzee.

Halafu mtu akasema karibu kabisa na sikio langu, upande wa pili wa mbao:

"Mutoto, usiache wimbo kwenye sol. Mutu hawezi kupumua."

Alinieleza kwamba alirudi peke yake. Mke wake alifia njiani, karibu na ziwa la Lac Vert. Aliingia kwa mlango wa nyuma, akaliacha kufuli mbele ili asije mtu kumpa pole. Gitaa lake lilikuwa limebaki na nyuzi tatu.

Tangu hapo nilimpitishia maharage na viazi dirishani, naye akanifundisha kupitia mbao. Utangulizi, alisema, usiutafute mbali: chukua akodi za mstari wa mwisho uzipige kwanza, waimbaji wajue wanakokwenda. Uso wake sikuuona. Niliona vidole tu vikipokea sahani, kucha zimekuwa ndefu.

Siku ya harusi kwaya iliingia pamoja, bila kusitasita. Kesho yake nilimpelekea wali na nyama, nikakuta mlango wa mbele uko wazi. Alikuwa ameketi kizingitini, macho ameyafumba kwa ukali wa jua, mwembamba kuliko nilivyodhani.

Aliniuliza ni nani waliokufa mtaani tangu alipojifungia, apate kwenda kuwapa pole jamaa zao. Nilimtajia, mmoja mmoja. Alinisikiliza bila kuniangalia, na nilipomaliza chakula kilikuwa kimepoa.