Laini Niliyoifunga Kutoka Lubumbashi

Msinicheke sana. Vita ilipofika Goma na barabara kufungwa, Mama Furaha, tajiri wangu hapa Lubumbashi, alibaki kuiona depo yake ya kule kwa kamera tu. Mdogo wake Dieudonné ndiye aliyekuwa akiilinda.

Seva ya kamera za kule ina laini mbili za intaneti: kable ya mji na antene ya satelite. Kable ilikuwa imekufa, lakini seva iliendelea kuijaribu na picha zikawa zinakwama. Mimi fundi nikaamua kuifunga kutoka huku. Kumbe nimefunga antene, laini ileile niliyoingilia kwenye seva.

Skrini ikawa nyeusi.

"Yesu! Bameingia ku depo!" Mama akapiga magoti. Tukashikana mikono, akaniomba niongoze sala. Ningeweza kusema ukweli. Nikasali. Nikamkemea kwa sauti shetani aliyezima kamera, hata machozi yakanitoka.

Simu ikalia, ni Dieudonné; Mama akaiweka kwenye spika.

"Yaya, dada yangu, niko muzima, hakuna muntu amefika. Lakini mashine inaandika hapa: antene imefungwa kutoka Lubumbashi, na jina ya fundi yako."

Mama hakuuachia mkono wangu.

"Papa fundi," akasema polepole, "haujasema amina."