Siri ya Mishumaa Sita ya Mama Wambui

Kila nta inapoyeyuka katika karakana yangu hapa Kawangware 56, pua yangu hutafuta harufu moja ambayo haipo: tamu, nzito kidogo, kama marashi ya Jumapili. Miaka mingi niliamini hiyo ndiyo harufu ya akili yangu mwenyewe. Usicheke, ngoja kwanza.

Mimi niliachia shule darasa la tano, na leo mishumaa yangu ya rangi inawaka kwenye hoteli ambazo walinzi wake zamani wangenifukuza getini. Nasema wazi kwa sababu ni kweli. Nilianzia mtaa wa Laini Saba, chumba kimoja cha mabati kando ya reli, ambako mama aliyeyusha mishumaa iliyovunjika ndani ya mkebe, akaimimina kwenye vipande vya paipu vilivyopakwa mafuta, uzi wa pamba katikati. Treni ikipita paipu zilitetemeka, na mama alizikumbatia kama watoto.

Ilikuwa mishumaa myeupe tu. Mpaka siku Mama Wambui, mwenye nyumba za kupangisha huko Kawangware 56, alipokuja kuagiza sita ya meza ya keki. Binti yake alikuwa anaolewa.

"Ningepata ya rangi ya damu ya mzee, ile nyekundu iliyokolea, ifanane na nguo za wasimamizi," alisema, kama anayejiongelesha.

"Tunatengeneza!" nikasema. Nilikuwa na miaka tisa.

"Kweli?"

"Rangi yoyote, mama. Wewe sema tu."

Mama alinikanyaga mguu, lakini nilikuwa nimeshauza.

"Basi Ijumaa jioni mniletee. Ikitoka poa, mishumaa yote ya kanisa letu nitakuwa nachukua hapa."

Mgeni alipoondoka, mama alinitazama kutoka juu hadi chini. "Haya, fundi wa rangi. Utaipaka na mate?"

Nilikimbia kwa Mama Mutua, jirani aliyesuka vikapu vya katani, nikamwomba unga wake wa rangi. "Hii ni ya maji, wewe. Mshumaa ni mafuta," akaniambia. Nikaona ananionea wivu. Ijumaa asubuhi nilikoroga unga ule kwenye nta kwa mkono wangu, nikamimina, nikaenda shule kifua mbele. Watoto wa vyumba vyote vya ploti yetu nilikuwa nimeshawatangazia.

Niliporudi, mishumaa sita ilikuwa imepangwa mezani, myekundu. Haikuwa damu ya mzee kabisa, labda binamu yake. Nilicheza mpaka jirani akagonga bati.

"Si ulisema unaweza?" mama akasema, akaendelea kusugua mkebe.

Tulitembea nayo mpaka 56. Mama Wambui akaunusa mmoja. "Kwani inanukia! Mlitia nini?"

"Hiyo ni siri ya kampuni," nikamjibu.

Mama yangu alicheka, akaficha mdomo kwa leso. Kanisa likawa letu.

Jumapili ile mama alienda kanisani bila lipstiki, anasa yake pekee, na hakuipaka tena. Nilidhani sasa ameokoka kabisa.

Nilipofungua karakana hii, rangi ya kwanza niliyonunua ilikuwa unga uleule wa kutia katani rangi. Ukazama chini kama mchanga. Nikamgombeza aliyeniuzia, nikanunua mwingine, nao ukazama. Mara ya tatu niliketi nikaitazama nta, nyeupe vilevile, haina habari na mimi, na ile harufu ya marashi ikanijia kutoka miaka yote ile. Hapo ndipo nilipoitambua.

Nilienda kwa mama siku hiyohiyo. Alikuwa anakata sukuma wiki.

"Mama, ile rangi ya Mama Wambui..."

Hakuinua macho. "Ulikuwa umeambia ploti nzima. Ningefanya aje? Niliiyeyusha upya, nikachuja uchafu wako, nikatia lipstiki yangu yote."

"Mbona hukuniambia?"

"Ungeacha kuropoka. Na si ni kuropoka kulituletea kanisa?"

Bado najisifu, na siachi. Nilijitengeneza mwenyewe, ndiyo, ila ule ujasiri wa kwanza kuna mtu aliutia rangi nikiwa shuleni.

Nilimnunulia lipstiki nyingine, damu ya mzee. Akaipaka polepole, akajitazama kwenye simu yangu, kisha akaigeuzageuza mkononi.

"Hii nayo," akauliza, "itatosha mishumaa mingapi, fundi?"