Kosa Lisilogawanyika

Mpima ardhi aliyekuja kupima kibanja chetu cha Buganguzi alinichoka kabla hata ya chai. Nilikuwa nimetoka mjini, Bilele, asubuhi kwa kisingizio cha kumsaidia mama, lakini ukweli ni kwamba nilitaka kuona ile mashine ya miguu mitatu inavyofanya kazi. Kila alipochungulia kwenye lenzi, nami nilikuwa begani kwake. Hiyo namba ni ya nini? Mbona unapima tena ulikotoka? Alijibu kwa heshima mwanzoni, baadaye kwa kuguna tu.

Mama hakuwa na udadisi wowote. Alikuwa na hofu. Kati ya kibanja chake na cha baba mdogo, mpaka huonyeshwa na mimea ya mulamula, na kwetu mulamula ni ushahidi kuliko karatasi. Bahati mbaya, ule wa kona ya chini ulikauka zamani. Na katika kona hiyo, chini ya migomba, amelala dada yangu aliyekufa akiwa mchanga kabla mimi sijazaliwa. Hana msalaba wala saruji. Mama aliogopa kwamba kona itaangukia kwa baba mdogo, na siku moja jembe litapita juu ya mtoto. Hofu hiyo aliniambia mimi peke yangu.

Tulipomaliza kula ndizi na maharage pamoja na baba mdogo, mpima akamalizia vigingi vilivyobaki, kisha akafungua kompyuta yake barazani. Hapo sasa ndipo nilipopatamani. Alieleza kwamba alianzia kwenye jiwe la upimaji lililo kando ya barabara, akazunguka kibanja kigingi kwa kigingi, akipima pembe na umbali, hadi akarudi kwenye jiwe lilelile.

"Sasa namba zinatakiwa zinirudishe palepale," alisema. "Lakini hazinirudishi kamwe."

"Kwa nini?"

"Jua, upepo, jicho langu. Kila kipimo kina kosa lake dogo."

Yaani kwa hesabu ya kompyuta, jiwe aliloondokea si jiwe alilorudia! Nilifurahi kama mtoto. Programu, akasema, inachukua hilo pengo na kuligawa kwa kila kipande cha safari kulingana na urefu wake, kama michango ya msiba, mwenye uwezo zaidi anabeba zaidi. Baada ya hapo mzunguko unafunga.

Mama alikuwa mlangoni na sinia mkononi. "Kosa la nani hilo?"

"La wote, mama. Tunaligawa."

"Waitu, jamani, mimi sijakosa kitu. Msinigawie kosa."

Tulicheka. Baba mdogo akadai apewe dogo, kwa kuwa upande wake ni mfupi. Mama hakucheka.

Mpima akabonyeza. Maandishi mekundu yakatokea, naye akakunja uso. Pengo lilikuwa refu kama kandambili.

"Hili haligawiwi," alisema.

"Si uligawe tu, hata kama ni kubwa?"

"Nikiligawa, litaingia hata kwenye vigingi visivyo na shida. Ramani itapendeza, ila itakuwa ya uongo. Kosa dogo ni la wote. Kubwa lina mwenyewe."

Maneno hayo yalinikaa kichwani. Mpima akazikagua tena namba zake, akasema anakitilia shaka kigingi cha kona ya chini. Tukashuka wote. Akachutama, akafunua majani makavu ya mgomba, na hapo, pembeni ya kigingi, palikuwa na tundu bichi. Mtu alikuwa amekichomoa kigingi baada ya kupimwa kutoka kigingi cha nyuma, akakichomeka upya upande wa baba mdogo, kabla mashine haijasimamishwa juu yake.

"Nani?" baba mdogo aliuliza.

"Ni mimi," mama alisema. "Mlipokuwa mnakula."

Mama wa watu alidhani kigingi ni mulamula wa kisasa, kwamba kinapokaa ndipo mpaka ulipo. Mpima akamwambia taratibu, "Mama, hiki ni cha kusimamishia mashine tu. Mpaka mtanionyesha ninyi wawili." Nilimwonea mama aibu na huruma kwa pamoja, nikakosa pa kutazama.

"Lakini kwa nini, shemeji?"

"Mwanangu yuko hapa," mama alisema, akionyesha chini. "Hukumbuki, lakini yuko hapa."

Baba mdogo alivua kofia.

"Nisikumbuke? Kaka siku ile hata jembe lilimshinda. Kaburi hili nililichimba mimi."

Kisha akatembea kuingia kwenye mibuni yake, akakipita kigingi, akalipita tundu, akasimama ndani kabisa na kukanyaga kwa kisigino.

"Mpaka ni hapa," alimwambia mpima. "Lete mashine."