Mwacheni Deo Aitikie Mwenyewe

Po, po, po. Mpaka leo nayasikia, mwanangu, yale makofi ya njiani. Si makofi ya mkutano wala ya kwaya. Ni makofi ya salamu ya kwetu Ufipa: mtu anachuchumaa, anakunja viganja kidogo kama anayetaka kuteka maji, anavigonganisha polepole, na wewe unayesalimiwa unachuchumaa na kuitikia. Asubuhi za baridi, ukungu ukiwa bado umelalia majani, mtu humwoni lakini makofi unayasikia, ukajua, aa, kule watu wamekutana.

Wewe hujazaliwa bado. Unageukageuka humu tumboni kama mtu aliyekosa upande wa kulalia. Watu watasema nasaha ni za wazee, na mimi mvi sina hata moja, nimeshatafuta kwenye kioo. Lakini kwako wewe mimi ni mzee tayari. Na mwingine yeyote atakayesoma haya, akiwa mdogo kwangu, naye ni mwanangu. Asogee tu, akae hapo asikilize.

Nakumbuka mwaka ule niliomaliza darasa la saba. Sikuchaguliwa kuendelea, ila sikulia sana, maana ndoto nilikuwa nazo nyingi. Nilitaka kuwa mtangazaji wa redio. Nikichota maji kisimani natangaza: "Na sasa, ndugu wasikilizaji, ndoo imejaa." Bibi yangu mzaa mama, niliyeishi naye kijijini kwetu karibu na Kate, alikuwa akicheka mpaka anashika mbavu.

Basi siku moja lori la wafanyabiashara likasimama barabarani, akashuka dada yangu Skola na mtoto mgongoni. Mtoto huyo ndiye Deo. Alikuwa amepita miaka mitatu na hasemi. Hata "mama" hasemi. Anakutazama tu kwa macho makubwa, mazuri, kama anayesubiri umalize ulichoanza.

Ilikuwa ile miaka ya ruksa, biashara zimefunguliwa, kila mwenye miguu anakimbia. Dada alikuwa anauza mitumba Sumbawanga mjini. Leo yuko sokoni, kesho yuko Tunduma kufuata mzigo. Baba Deo alikuwa Kipili, ziwani, akinunua migebuka, wale samaki wa kule, na kuipandisha huku juu. Walipanga chumba kimoja. Dada akienda sokoni alimfungia Deo ndani na kipande cha mkate na redio, kwa sababu majirani hawakumjua, na yeye hakuwajua majirani. Usimhukumu, mwanangu. Wahenga walisema mkono mmoja haulei mwana, na dada yangu alikuwa na mkono mmoja tu. Ule mwingine ulikuwa umeshika mzigo.

"Bibi, shikamoo," dada alisema, na kabla hajaitikiwa akaanza kulia. "Baba yake anahamia Mbeya. Amesema tukihama, tunahama na mtoto anayesema. Ndugu zake wanamwambia huyu ni bubu, aachwe huku shamba, tuzae mwingine. Nitarudi baada ya mavuno. Akiwa anasema, namchukua. Akiwa hasemi..."

Bibi alimshusha Deo mgongoni, akamweka kwenye mkeka, akamtazama vizuri.

"Huyu ni mume wangu," akasema. "Mke huyu mzee anamtosha kwa sasa. Nenda kauze nguo zako."

Hivyo ndivyo Deo alivyobaki kwetu, na mimi nikampenda siku hiyohiyo. Nilimbeba, nilimwogesha, nilimtangazia habari za ulimwengu mzima. Akitazama maji, maji ameshapata. Akitazama kiazi, kiazi kiko mkononi. Na alipokutana na watu njiani, basi hapo ndipo nilipokuwa hodari zaidi.

Maana kijiji chetu kilikuwa hakimpiti mtoto bila kumsalimia. Mzee Kalolo, jirani yetu, alikuwa anachuchumaa kabisa mbele ya Deo kama vile amekutana na mzee mwenzake. "Mume mwenzangu, umeamkaje? Yule mke wetu amekupa uji au ananyima?" Anapiga makofi, po, po, anangoja. Mama Masanja, Msukuma aliyehamia na mumewe na ng'ombe wao, naye alikuwa ameshajifunza makofi yetu, ingawa aliyapiga kwa nguvu kama anayefukuza ndama. Na kila mara, kabla ukimya haujatua, mimi nilikuwa nimeshachuchumaa, nimeshapiga makofi, nimeshasema, "Tumeamka salama, babu! Ameshiba! Anawasalimu!" Niliona aibu kwa ajili yake, mwanangu. Nilitaka watu wasigundue kwamba hasemi. Kumbe wote walishajua, wala halikuwa jambo la kuwasumbua.

Ilikuwa majira ya kutengeneza ntumba, yale matuta yetu ya mviringo. Unakata majani mabichi na udongo wake, unayafunika chini, unayaacha yaoze ndani mpaka yageuke mbolea. Bibi alikuwa shambani na jembe, mimi namfuata, Deo amekaa kati ya matuta anachezea udongo.

"Felista," Bibi akaniita bila kuinua kichwa, "ile ntumba ya wiki iliyopita, umeshaifukua uone kama majani yameoza?"

Nikacheka. "Bibi, nani anafukua ntumba? Si yanaoza yenyewe?"

"Yanaoza kwa sababu tumeyafunika vizuri, halafu tukayaacha." Akaegemea jembe. "Sasa mtoto wa dada yako unamfukua kila saa. Akisalimiwa, unaitikia wewe. Akiulizwa kama ana njaa, unasema wewe. Maji unampa hata hajanyoosha mkono. Yeye aseme nini? Umemwachia neno gani?"

"Nampenda, bibi."

"Ndiyo, unampenda. Mjini alifungiwa mlango, na wewe huku unasimama mlangoni. Salamu ni hodi, Felista. Hodi ikipigwa, aitikie mwenye nyumba."

Nilinuna. Nilinuna mpaka viazi vikaiva, nikavila huku nimenuna. Lakini maneno ya mkubwa ni kama mwiba wa mguuni, unaweza ukaficha kuchechemea, ila kukanyaga unakanyaga juu yake.

Asubuhi yake Bibi alinitwika kikapu kikubwa cha ulezi niupeleke mashineni kusaga, kikapu ambacho lazima ukishike kwa mikono yote miwili. Halafu akaniletea kata ya maji.

"Jaza mdomoni. Usimeze, usiteme, mpaka mfike mashineni."

Nikatoa macho.

"Mikono nimeshaifunga," akasema, "ulibaki huo mdomo."

Basi tukaondoka, mimi mashavu yamevimba kama chura, Deo nyuma yangu ameshika kanga yangu. Hatujafika mbali, Mzee Kalolo huyu hapa. Akachuchumaa. "Mume mwenzangu! Umeamkaje?" Po, po, po.

Upepo wa kwetu unaujua? Utaujua. Ulipita kwenye majani, ukaenda, ukarudi. Deo akainua macho kuitafuta mikono yangu, akaikuta juu, kwenye kikapu. Akautazama mdomo wangu. Nilitamani ardhi inimeze na ulezi wangu.

Mama Masanja akatokea na kibuyu cha maziwa. "Mzee, umepoteza nini hapo chini?"

"Namngoja huyu bwana," alisema Mzee Kalolo.

"Na magoti yako hayo?"

"Magoti ni yangu, mama. Sijayaazima kwa mtu."

Mama Masanja akacheka, akaweka kibuyu chini, naye akachuchumaa. "Basi tungoje wote. Ng'ombe wameshatangulia."

Watu wazima wawili, mwanangu, wenye kazi zao, chini kwenye umande, wanamngoja mtoto mmoja. Ndipo Deo akaiachia kanga yangu. Akachuchumaa, akayumba, akainyoosha mikono yake midogo. Mara ya kwanza ikapishana, haikukutana. Akajaribu tena. Po.

Sikuweza. Nilicheka, na maji yote yakamrukia Mzee Kalolo usoni.

"Aha," akasema akijipangusa, "mmoja ameniitikia, mwingine amenibatiza!"

Kuanzia siku hiyo kijiji kizima kikawa kinamngoja. Hawakupanga kikao. Mtu akimsalimia Deo anakaa pale mpaka ajibiwe, basi. Mpaka wanawake waliopanga foleni mashineni walimngoja. Ilikuwa bado ipo shule ya vidudu, ya watoto wadogo, ile iliyobaki kutoka siku za ujamaa: banda la nyasi, sufuria moja kubwa, kila nyumba ikitoa unga wa uji kwa zamu. Tukampeleka, na wenzake wakamfundisha kusukumana, kunyang'anyana na kucheka, mambo ambayo mimi na Bibi tusingeyaweza.

Kila tulipokula, Bibi alimwuliza swali lilelile: "Mume wangu, umeshiba?" na kumngoja, mwiko ukiwa juu. Siku moja, mwiko ukiwa hapo juu, Deo akasema:

"Bado."

Bibi hakushtuka hata kidogo. Akamwongezea. "Haya, mume wangu. Si ungesema mapema." Ila alimwongezea tena, na tena. Mimi nilitoka nje mbio, nikasimama juu ya kinu kilichopinduliwa, nikapaza sauti: "Ndugu wasikilizaji! Ndugu wasikilizaji, Deo amesema!" Na kutoka nyumba hii na nyumba ile nikasikia makofi.

Neno moja likaleta jingine, kama mbuzi wanavyofuatana zizini. Maji. Baridi. Babu. Na mimi furaha ikaanza kuniuma, maana nilikumbuka ahadi ya dada. Kila neno alilolipata lilikuwa linamsogeza barabarani. Kuna siku kisimani niliwaza, je, akija dada, Deo akanyamaza tu siku hiyo moja? Nikaona haya mbele ya ndoo yangu mwenyewe. Nikamfundisha neno "mama".

Dada alikuja baada ya mavuno. Deo alikuwa uani. Alipomwona mama yake alichuchumaa, akapiga makofi. Dada akaangusha mfuko, akamkimbilia, akamnyanyua huku analia.

"Skola, mteremshe," Bibi akasema. "Umesalimiwa. Mwitikie kwanza."

Dada yangu, na viatu vyake vya mjini, akachuchumaa kwenye vumbi la uwanja, akapiga makofi mbele ya mwanawe. Ndipo Deo akasema, "Mama." Sijaona tena mtu akilia namna ile.

Walipoondoka, utingo aligonga ubavu wa lori akauliza, "Tayari?" Na sauti ndogo kutoka juu ya magunia ikajibu, "Bado!" Lori zima likacheka. Likaondoka hivyohivyo, likaacha vumbi, na mimi nikabaki na kanga isiyovutwa na mtu.

Ni miaka sasa. Bibi amelala kule kwenye kaburi lake, Mungu amrehemu. Shule ya vidudu ilikufa polepole. Huyu alisema yeye hana mtoto pale, yule akasema unga ni bora auze, na lile banda likawa ghala la mfanyabiashara wa mahindi. Deo ni kijana anasoma Mbeya, anaongea mpaka dada anamwomba apumzike. Mwaka jana alipita hapa. "Mambo, mamdogo! Uko poa?" akasema, na kabla sijajibu alikuwa ameshatoka kuwaona washikaji. Nilicheka. Halafu nikabaki nautazama mlango.

Na sasa mimi niko Sumbawanga, mimi na baba yako, fundi baiskeli, ndani ya chumba kimoja cha kupanga, kama dada. Nyumba ina milango sita. Mama wa mlango wa pili katoka Mbeya, wa mlango wa nne ni Msukuma, na kila mtu hufunga wake. Nikiwaza utakavyokuja, nautamani ule umande na watu wawili waliochuchumaa. Naona njaa ya kijiji kizima.

Kwa hiyo shika haya, mwanangu, na wewe mwingine unayesoma. Mtoto hazaliwi mara moja. Mama humzaa, halafu jirani humzaa kwa salamu, wenzake humzaa kwa mchezo, wazee humzaa kwa kumngoja. Nyumba peke yake ikimlea, hata kwa mapenzi mengi, kitu kitapungua. Ukimwona mtoto wa mtu, msalimie, kisha mwachie nafasi, hata kama una haraka, hata kama magoti yanauma. Usimsemee mwenye mdomo wake. Na kama umehamia mahali ambapo hakuna kijiji, usikae ukililia kijiji. Anza wewe kugonga milango. Kijiji cha Deo nacho kilianzia kwa mtu mmoja aliyekubali kuchuchumaa.

Mungu akukuze kama ulezi wa kwetu, unaostahimili baridi na upepo bado ukajaa. Akupe watu wa kukuita jina, na watu wa kukungoja ujibu. Njia zako zote zisikose makofi.

Leo asubuhi baba yako alipokwenda kazini, nilifungua mlango wetu wazi kabisa, nikauwekea jiwe usifungwe na upepo. Nikachuchumaa pale kizingitini, kwa shida, tumbo limenizidi. Nikakunja viganja, nikapiga mbele yako taratibu, po, po, po. Halafu nikanyamaza, nikakungoja.