Siti Iliyolia Milimani Lesotho

Kabla hujaniita muongo, ngoja kwanza. Sifa zangu nazijua. Silver Spring nzima, hapa Marekani, wananiita Zidisha, kwa sababu samaki wa kilo moja nikimsimulia mimi anafika arobaini. Sawa, nakubali. Lakini hili sijalizidisha hata chembe. Ningekuwa natunga, si ningejiweka shujaa? Humu ndani mimi nimejidhalilisha tu, utaona.

Kazi yangu naendesha van. Kila asubuhi nazunguka nyumba kwa nyumba kukusanya wazee wa Kimarekani, nawapeleka kwenye kituo cha kushinda mchana kule Beltsville. Nawashika mkono, nawafunga mkanda, nawatania, "Umependeza leo, binti!" Bibi ana miaka tisini anacheka mpaka meno ya bandia yanataka kuhama. Kwa kubeba wazee, nakwambia, hakuna kama mimi Maryland nzima.

Pale kituoni yuko dada mmoja wa Lesotho anaitwa Lineo. Alilelewa na bibi yake, na bibi alipofariki, karatasi za Lineo za Marekani zilikuwa bado hazijakaa sawa. Hakwenda kuzika. Alilia wiki nzima huku analisha wazee. Karatasi zilipotoka, akasema harusi anafungia nyumbani, na sisi tuje. Akatangulia. Gauni lilikuwa bado kwa fundi, tukaachiwa tulibebe: mimi, Mama Neema, ambaye ni nesi na Mtanzania mwenzangu, na Njoroge, Mkenya ambaye kazi yake kubwa ni kula chipsi na kutoa ushauri.

Tukakodi van Johannesburg, usukani nikashika mimi. Bwana we, Lesotho! Kanchi kadogo, lakini wamekakunja kwenda juu. Wakikanyoosha kanafika Kongo. Milima ile ukitoa mkono dirishani unachota wingu. Ikafika kama saa kumi jioni, ukungu mzito kama uji wa ulezi, baridi mpaka Njoroge kanyamaza.

Kwenye kona moja akatokea bibi. Kavaa blanketi la kijivu lenye michoro ya mahindi, na kofia ya majani iliyochongoka. Kanyoosha mkono. Nikasimama. Akaja dirishani, akaweka kiganja kwenye kioo, akasema maneno yake. Sikuelewa hata moja, lakini mtu anayeomba lifti unahitaji mkalimani? Akaonyesha siti ya nyuma yangu. Ilikuwa na gauni tu, limelala ndani ya mfuko wake.

"Buda, twende," Njoroge akasema. "Huyu shosho ana matope. Atatuharibia gauni."

"We Njoroge, una adabu?" Mama Neema akamkaripia. "Mzee wa watu na baridi hii! Gauni nitapakata mimi."

Unajua nilifanya nini? Mimi, bingwa wa wazee? Nikatikisa kidole. "Imejaa, bibi! Imejaa!" Nikacheka, nikapiga honi pi-pi, nikaondoa gari. Nilikuwa naogopa mgeni, nanyi mliokaa Marekani mnanielewa: ukishakaa kule, kila anayenyoosha mkono unamwona jambazi. Hata bibi.

Hatujamaliza kona, kengele ya mkanda ikaanza. Ti! Ti! Ti! Kwenye dashibodi taa inasema siti ya nyuma yangu kuna mtu hajafunga.

"Ni gauni hilo," nikasema. Mama Neema akalichukua, akalipakata. Ti! Ti! Ti! Nikasimama, nikazima gari, nikawasha. Ti! Ti! Na van ikawa nzito, nakanyaga mafuta inaguna. Halafu ikaja harufu ya moshi wa mavi ya ng'ombe, moshi wa jikoni kwa watu. Madirisha yote tumefunga.

Mama Neema aliliweka gauni pembeni. Aliuvuta mkanda wa ile siti tupu, akaufunga. Kengele ikanyamaza. Nikatazama kwenye kioo. Mkanda haukulala kwenye siti, jamani. Ulikuwa umevimba, umezunguka kitu. Unapanda, unashuka, kama juu ya kifua cha mtu anayehema.

Niliendesha saa nzima shingo imekakamaa kama mti wa bendera. Njoroge alisali kwa Kikuyu, Kiswahili na Kiingereza.

Tukafika. Lineo akatoka mbio, nikafungua mlango wa van nimpe gauni. Hakulitazama. Alitazama siti. Akaingia, akafungua mkanda taratibu, akashika kiwiko cha hewa, kama tunavyowashusha wazee wetu Beltsville, mguu mmoja, halafu wa pili. Akamshusha mtu ambaye mimi sikumwona. Machozi yanamtiririka.

Akanishika mikono. "Kaka, asante. Umeniletea nkhono wangu." Nkhono ndiyo bibi kwa lugha yao. "Aliniahidi atakuja harusini. Nilikuwa nawaza, njia yote hii, nani atambeba?"

Mama Neema kanikazia macho. "Mwambie ukweli," akanong'ona.

Nikamwambia Lineo, "Usijali, dada. Ndiyo kazi yangu."

Kesho yake, mbele ya harusi nzima, baba zake wadogo wakanisimamisha, wakanivika blanketi jipya la heshima. Watu wakapiga vigelegele. Na mimi nikainama kwa adabu zote, nikalipokea!

Blanketi lipo kabatini kwangu mpaka leo. Nimejaribu kulivaa mara moja tu, baridi ya Februari. Nilitetemeka kuliko kama nisingelivaa. Mama Neema salamu zangu anaitikia nusu. Na kwenye van ya kazini siku hizi, kabla sijawasha, lazima niende siti ya nyuma yangu niifunge mkanda ikiwa tupu. Nisipofunga, inalia. Mafundi watatu wameikagua, wanasema nzima.

Kwa hiyo wewe uliyezoea ughaibuni, siti ikiwepo na mzee akanyoosha mkono, mpakie. Usiseme imejaa. Atapanda tu, ila utakuwa umeshajionyesha wewe ni nani.

Lineo hadi leo kila asubuhi ananiletea chai, ananiita kaka aliyemleta nkhono. Nakunywa. Hii habari naisimulia kwa Kiswahili tu, kwa kuwa yeye hakijui. Lakini wiki iliyopita alinipa kikombe, akasema kwa Kiswahili, pole pole, "Karibu, kaka." Nikamuuliza nani anamfundisha.

Akasema, Mama Neema.