Mlango wa Mninga

Mimi na kaka yangu tunabomoa nyumba za zamani hapa Mpanda. Yeye anavunja ukuta, mimi nabandua udongo kwenye matofali ili yajengewe tena. Mbao na bati tunavitunza, hata misumari tunainyoosha.

Siku hiyo tulikuwa mtaa wa Majengo, kwa mama mmoja mjane aliyekuwa anahamia Litapunga. Alitaka kujenga huko kwa vifaa vilevile. Paa tulishalishusha. Kaka alikuwa anang'oa mlango wa mbele, mninga mtupu, kazi ya mikono ya marehemu mumewe, alipoingia mdogo wa marehemu ameshika panga.

"Huo mlango ni wa kaka yangu. Hautoki hapa."

"Shemeji," mama akamjibu taratibu, "kaka yako alinitengenezea mimi. Ulikuwepo."

Shemeji akamzaba ubapa wa panga usoni. Mlio niliusikia kabla sijaona damu. Mama hakuanguka, aliukumbatia ule mlango, na yule bwana akaendelea kumpiga mgongoni, anapiga anatukana. Majirani walisimama juu ya kifusi wakitazama.

"Mambo ya ukoo hayo," mmoja alisema.

Panga lilipogeuka upande wa makali, kaka alimpiga mkono kwa mtaimbo. Mfupa ulilia. Panga likadondoka, na mwenyewe akapiga magoti. Kaka akaunyanyua mtaimbo tena, sasa juu ya kichwa cha mtu aliyepiga magoti. Nilimwita, hakusikia. Nikaokota tofali, nikamrushia. Lilimpata begani, akapepesuka.

"Ataua! Nyie, mshikeni!" niliwapigia kelele majirani.

Ndipo majirani wakaruka kutoka kwenye kifusi.

Kaka aliwekwa mahabusu. Mama alikwenda mwenyewe kituoni, jicho limevimba na kufumba, akaeleza yote mpaka wakamwachia. Shemeji yake alitoka hospitali na mkono uliopinda, akashtakiwa. Sisi tukasomba vifaa kwenda Litapunga kumjengea. Damu ilikuwa imenywewa na mbao za mlango. Nilisugua kwa mchanga, haikutoka yote.

"Fungeni hivyohivyo," mama alisema.

Muda wote wa kujenga, kaka hakunisemesha. Mpaka mchana mmoja tunakula ugali, akavuta kola ya shati na kunionyesha kovu la lile tofali.

"Ulilenga bega?"

"Nililenga kichwa," nilimwambia.

Alinitazama, kisha akanisogezea bakuli la mboga.