Nyasi Zilizokatwa Chini Mno

Nilianza kung'oa magugu kwenye uwanja wa nyasi wa memsahib, Mzungu mwenye shamba, nikiwa bado namnyonyesha mtoto wangu wa kwanza. Shamba lilikuwa upande wa Kuresoi, kwenye baridi. Wafanyakazi wengi wa Kikuyu walikuwa wameondolewa kwa sababu ya hali ya hatari iliyotangazwa na serikali ya kikoloni, kwa hiyo sisi wake wa vibarua tulitolewa kwenye mashamba ya pareto tukajaza nafasi zao. Tulikuwa wanawake watatu. Kila mmoja alipewa kisu kirefu na karai la kutilia magugu.

Kabla yetu walikuwa wamejaribu dawa. Memsahib aliagiza mkebe kutoka Nakuru, na mtunza bustani, mzee wa Kiluhya aliyekuwa pale tangu nyumba ijengwe, akainyunyiza asubuhi moja yenye upepo. Magugu yalijikunja, lakini mawaridi kando ya uwanja nayo yalijikunja yakafa. Yalikuwa yamepandwa na bwana, mume wa memsahib, ambaye alikuwa amefariki mwaka uliotangulia.

"Mimi hapana taka dawa tena," memsahib alituambia siku ya kwanza. "Toa na mkono. Na mizizi yote."

Basi tukapiga magoti. Mzee alitufundisha kazi, na alifundisha vizuri. Tungoje mvua inyeshe ndipo tung'oe, kwa sababu udongo mkavu hukata mzizi na mzizi uliokatika hurudi na wenzake wawili. Kishonanguo kitolewe kabla hakijatoa zile mbegu zinazong'ang'ania nguo. Kwenye njia ya mawe, ambako kisu hakipiti, tulimwaga maji yaliyochemka kutoka jikoni. Jioni magoti yangu yalikuwa meusi na mgongo ulikuwa umekufa ganzi kwa uzito wa mtoto.

Tulimaliza uwanja mzima, tukarudi tulikoanzia, tukakuta magugu yameota upya. Tukazunguka mara ya pili. Mara ya tatu nikaanza kuangalia. Chini ya ukuta, ambako mashine ya kukata haikuweza kufika, nyasi zilikuwa ndefu kiasi cha kidole na hapakuwa na gugu hata moja. Katikati, ambako mashine ilipita kila wiki, nyasi zilikuwa fupi kama nywele za mtu aliyenyolewa juzi, udongo ulionekana, na magugu yalijaa pale pale kwenye udongo.

Nilimwambia mzee. Alikuwa anapaka mashine mafuta, na hakuinua kichwa.

"Mama, mimi nakata hii nyasi tangu wewe hujaolewa," alisema. "Ng'oa magugu."

Ningeishia hapo. Lakini wiki ile memsahib alikuja kusimama karibu yangu, akatazama karai langu lililojaa, akauliza kwa nini kazi haiishi. Nikamjibu. Nilimpeleka hadi ukutani nikamwonyesha, kisha nikamwonyesha katikati. Nikasema nyasi zikiachwa zirefuke kidogo zitaziba udongo zenyewe, na gugu halitapata jua. Wenzangu waliacha kazi wakatusikiliza. Mzee alikuwa hatua kumi tu kutoka pale, ameshika mpini wa mashine, na alisikia kila neno. Memsahib aliingia ndani.

Mzee naye aliiacha mashine katikati ya uwanja akaenda zake kambini. Kesho yake hakuja kazini, wala kesho kutwa.

Sikupata raha. Mtu aliyenionyesha namna ya kushika kisu nilikuwa nimemuumbua mbele ya mwajiri wake. Jumapili nilimfunga mtoto mgongoni nikaenda nyumbani kwake. Mkewe alinipa kiti na chai, na mzee akaja akaketi mlangoni.

"Mzee, nimekukosea," nilimwambia. "Ilinipasa nije kwako mara ya pili kabla ya kumwambia memsahib."

Alimwashiria mkewe aniongezee chai.

"Hukusema uongo," alisema. "Mimi hiyo maneno nilijua zamani. Lakini ile mashine, bwana ndiye alifunga nati zake kwa mkono wake. Alitaka nyasi iwe chini kama zulia. Akishakufa, memsahib akaniambia nisiguse. Ungekuwa wewe, ungegusa?"

Nikasema nisingegusa.

Jumatatu tulikwenda kazini pamoja. Memsahib alitukuta kwenye kibanda cha vifaa. Sijui alikuwa ameamua lini, maana hakueleza. Alimwomba mzee spana, akachuchumaa kando ya mashine katika gauni lake zuri, akaanza kufungua zile nati mwenyewe. Ya kwanza ilikuwa na kutu ikamshinda. Mzee alichuchumaa upande wa pili, akaishika mashine isitikisike, na memsahib akajaribu tena mpaka ikalegea. Walipandisha kisu cha mashine pamoja, kisikate tena chini mno. Kisha memsahib alimrudishia mzee spana, akajifuta mikono na kutoka bila kututazama. Macho yake yalikuwa mekundu.

Haikuwa kazi ya siku moja. Tulichimba nyasi zinazotambaa kutoka kingo za uwanja, tukazipachika kwenye mapengo, tukatandaza juu yake samadi iliyooza na kuchekechwa. Maji tulimwaga mengi mara moja kwa wiki, badala ya kidogo kila siku, ili mizizi iteremke. Mvua ndefu zilipokwisha, wanawake wawili walirudishwa kwenye pareto kwa kuwa magugu hayakutosha tena mikono ya watu watatu. Mimi nilibaki na mzee, na kuanzia hapo nilipoona jambo nilimwambia yeye kwanza, hata kama ilinibidi nimwambie mara tatu.

Gugu moja tu lilitushinda, lile la majani matatu yenye uchachu ambalo huficha mizizi ya mviringo kama vitunguu vidogo ardhini. Tuliling'oa hadi tukachoka. Mwisho mzee aliliachia kona moja nyuma ya kibanda, na mwanangu alipojifunza kutembea alikuwa akienda huko kulitafuna.